Kijino cha Kanda

Haya jamani, asalaam aleikum, na wale wengine habari za jioni, wazee wangu mliokaa hapo mbele shikamooni. Naona mmenipa maiki yenye waya mrefu, hapo mmekosea wenyewe. Nimeambiwa nina dakika 20 na mnanijua, dakika 20 mimi ni salamu tu, ila leo ntajitahidi maana biriani linanukia huko nyuma na sitaki kuwa adui wa mtu.

(Wale mlionifata baadae mkasema niiandike, nimeiandika hivi hivi nilivyoongea, nilichotoa ni kukohoa tu.)

Mwenyekiti kaniambia njoo utuongelee nyimbo unazozipenda na kumbukumbu zake. Sasa hapo ndo shida inapoanzia, kwasababu mtu aliyerekodi kanda za watu miaka 13 hana wimbo anaoupenda, ni sawa na kumuuliza muuza samaki anapenda samaki gani, atakwambia anapenda maharage. Mimi 1986 mpaka 1999 nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda pale Ngamiani, hapa hapa Tanga. Barabara ya ngapi sitaji, kuna watu humu nawadai na wengine wananidai. Kwa wale wageni, waja leo waondoka leo, Ngamiani barabara zetu zinaitwa kwa namba, kwahiyo mtu anaweza kuzaliwa ya 8 akaoa ya 12 akafia ya 15 na hajawahi kupanda basi.

Kibanda chenyewe mbao na bati, ukinyoosha mikono unagusa huku na huku. Ndani deki mbili, ampu moja, santuri zimesimama ukutani, feni ambayo haikuwahi kuzunguka toka niinunue, chupa ya spiriti na pamba za kusafishia hedi, yaani kile kichwa cha deki kinachosoma kanda, spika moja nimeifunga nje kwenye nguzo ya kibaraza ili mtu akipita asimame. Mteja anakuja na kanda yake au ananunua kwangu, anaandika nyimbo zake kwenye karatasi, kesho yake jioni anapitia. Basi, kazi yenyewe ndo hiyo.

Zile karatasi ningezitunza leo ningekuwa nimetajirika. Maana watu walikuwa hawaandiki majina ya nyimbo, wangapi walikuwa wanayajua? Mtu anakuandikia "ule uliopigwa arusi ya mtoto wa mzee wetu wa saruji, sio wa kwanza, wa pili, umeme ulipokatika." Mwengine, "ule ambao gitaa linaanza peke ake kama linaita mtu." Mama mmoja alileta karatasi ina mstari mmoja tu, "wimbo wa siku ile ya mvua, wewe mwenyewe ulikuwepo." Nami nilikuwepo kweli! Nikakaa nusu saa naikumbuka hiyo siku, mvua ilitukuta chini ya mwembe watu kama sita hivi na redio moja, nikaukumbuka, nikamrekodia, na alipokuja kuchukua hakusema hata umejuaje, akalipa akaenda zake. Kwake yeye lilikuwa jina la wimbo kamili kabisa.

Alafu sio kila kitu ni mapenzi kama nyie vijana mnavyofikiri. Alikuja kijana mmoja anafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko bara, akataka wimbo mmoja tu, huo huo, ujaze kanda pande zote mbili. Nikajisemea huyu kaachwa huyu. Nikamrudishia ule wimbo mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuuchukia, alipokuja nikamuuliza kwa upole, mdogo wangu kulikoni? Akanambia bro, kurudisha nyuma kunakula betri.

Betri! Watoto hamuwezi kuelewa betri. Miaka ya mwanzo ya themanini betri ilikuwa kitu cha kutafutwa kama sukari na sabuni. Ikiisha huitupi, unaianika juu ya bati juani, jioni unaipa dakika kumi zingine za uhai. Ndo maana kanda tulikuwa tunarudisha na kalamu ya Bic, unaichomeka kwenye tundu unazungusha, mkono unauma lakini betri imepona. Marehemu baba alikuwa mtu wa relwe, redio yake haikuguswa na mtu, na siku moja alituma salamu Redio Tanzania, kadi kaandika mwenyewe kwa mwandiko wa mviringo, majina yetu wote kuanzia mama mpaka mimi wa mwisho. Tukasubiri. Wiki, mwezi, mwezi wa pili. Kila kipindi cha salamu tunakaa kwenye mkeka kama tunasubiri matokeo ya mtihani. Ikafika siku mtangazaji anasema "na sasa twende Tanga" alafu anaanza "salamu hizi ziwafikie" na redio ikafa. Betri imekwisha. Mama anasema tukaombe jirani, baba akamwambia kaa chini, ni sisi. Mpaka anaingia kaburini alikuwa anahesabu kwamba tulisomwa, na wimbo uliofuatia baada ya hapo ambao hatukuusikia alikuwa anao jina lake na anausifia.

Sasa mkinibana sana nitaje muziki wangu, nitataja gitaa za hapa hapa. Tanga hii ilikuwa na bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, mnakumbuka wenyewe wazee, msinifanye nimwage siri za nani alikuwa anarudi nyumbani saa ngapi. Kina Kinyonga, Wilson na ndugu zake, walipitia Jamhuri hapa kabla hawajaenda Arusha na baadae Kenya wakawa Simba Wanyika. Nyimbo zikatungiwa Nairobi lakini Kiswahili chake ukikisikiliza unajua huyu kanywa maji ya wapi. Halafu 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa 1983, miaka yote hiyo hapo Horohoro kupita kwa halali hakuna, na ndo katikati ya miaka hiyo, 1978, wengine wakamegukia kwenye Les Wanyika na ikatoka Sina Makosa. Yaani bendi imejaa Watanzania, wanaimba Kiswahili, iko ng'ambo ya mpaka uliofungwa, na huku Ngamiani sisi tunaucheza. Ulifikaje? Redio haikaguliwi begi. Na vingine vilipita kwa njia ambazo nikizitaja hapa mbele ya viongozi haitakuwa adabu.

Naomba huo wimbo muushike, Sina Makosa. Tutarudi.

Upande wa kina mama mambo yalikuwa mengine. Mama yangu dansi alikuwa anaita kelele za wanaume. Yeye ni taarabu, na taarabu ya Tanga, sio ile ya kukaa kwenye viti na fidla ishirini, ni Black Star na baadae Lucky Star, lile gitaa na besi vinavyokufanya ufue nguo kwa mapigo. Na Bi Shakila. Mzaliwa wa Pangani hapo tu, ametutoka 2016, Mungu amrehemu. Akianza Macho Yanacheka mama anaacha alichokishika. Mara moja aliacha chapati ikaungua mpaka ikawa sahani, na hakuna aliyethubutu kusema kitu, tukaila. Kwenye maharusi akitajwa Shakila kina mama wanapanga foleni kwenda kutuza, noti imekunjwa vidoleni, na ukitazama vizuri utaona mwengine anatuza huku anaangalia pembeni, kuna mwenzie pale anamwambia kitu kwa mdomo wa Shakila. Mimi hapo nilijifunza mengi kuhusu mtaa kuliko kwa balozi wa nyumba kumi.

Eeeh nimeona mwenyekiti ameangalia saa. Basi nije kwenye kilichonileta.

Hii habari sijawahi kuisema mbele za watu. Mwenye kanda yuko hai, kaniruhusu, leo hajaja sababu ya miguu, ila kasema nikitia chumvi ataambiwa na keshaweka mtu humu ndani, sijui ni nani.

Ilikuwa 1988, Ramadhani, zimebaki siku mbili tatu Idi. Kazi ya kanda kuelekea Idi nyie acheni, kila mtu anataka kanda yake leo, nilikuwa nafuturu nimesimama. Akaja mama mmoja jirani yetu, namwita shangazi ingawa si shangazi wa damu. Mkononi ana TDK ya dakika 60, haina gamba, haina karatasi. Akasema, "Mwanangu, nirekodie nyimbo tatu za kuchangamka, watoto wa dada yangu wanakuja kutoka Korogwe, wasije wakakuta nyumba imelala. Upande mmoja una taarabu za kwenye redio, zishakwaruza, futa uweke humo. Upande wa pili usiguse. Nimeuweka alama ya wanja, hiyo hapo unaiona? Usiguse kabisa mwanangu."

Nikamwambia shangazi wala usijali.

Kwanini hakuniambia huo upande kuna nini? Angesema ile kanda ningeilalia. Lakini mtu wa pwani hawezi kusema ya ndani kwake mbele ya kibanda chenye spika nje, na foleni nyuma yake kuna watu wanne masikio wamesimamisha.

Sasa mimi bwana na usafi wangu. Kanda yoyote ikiingia kwangu kwanza naipangusa, kwasababu vumbi likienda kwenye hedi sauti inakuwa kama mtu anaongea chini ya godoro. Nikachukua pamba, nikaichovya spiriti, nikaipangusa kanda ya shangazi huku na huku vizuri kabisa. Pamba ikatoka nyeusi. Nikasema moyoni, huyu shangazi nae kanda yake chafu hivi. Mnaona? Wanja nimeufuta kwa mkono wangu mwenyewe na nikamsema juu.

Alafu kuna kitu kinaitwa kijino. Vijana sogeeni. Kanda kwa mgongoni ina vijino viwili vya plastiki, kila kimoja na upande wake. Ukikivunja, deki haikubali tena kurekodi upande huo, unaminya kile kitufe chekundu hakishuki, utaminya mpaka kidole kife. Ukija kubadili mawazo unaziba tundu kwa selotepu, au kama huna unatafuna karatasi unashindilia. Ndo kinga pekee iliyokuwepo. Kanda ya shangazi vijino vyote viwili vizima kabisa.

Nikaiweka. Upande nilioutazama nikaona ndo wenyewe. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu nikamuwekea Sina Makosa. Zile santuri ndogo za Kenya wimbo mrefu ulikuwa unakatwa, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili geuza, na mimi sifa yangu mjini ilikuwa kuunga pale katikati usisikie, unashusha sauti taratibu, unasimamisha deki, unageuza, unashika mahali. Siku ile niliunga vizuri kuliko siku zote. Nakumbuka nilijipongeza.

Nyimbo tatu zikala kama dakika 24. Nikazima. Nikasema ngoja niutazame na ule upande wa mwenyewe kama uko salama, nikageuza kanda, nikaminya.

Ikatoka taarabu ya redioni, imekwaruza.

Jamani. Pale kibandani kulikuwa na kigoda, nilikaa chini na kigoda kilikuwa upande wa pili. Nilikaa chini kwenye sakafu.

Nikageuza tena. Nikaipeleka mbele mpaka mwisho wa Sina Makosa. Gitaa likaisha, kikapita kimya cha kama pumzi mbili, alafu mwanaume akaanza kuongea kutokea katikati ya maneno: "...na ile baiskeli usimpe mtu. Hata kaka yako akija mwambie mwenyewe hajarudi. Mnyororo uwe unautia mafuta hata kama haiendeshwi, na yasiwe ya nazi, ya nazi yanashika vumbi, nunua ya cherehani." Akaendelea hivo hivo, matairi, breki, mahali pa kuitundika mvua isiipige. Baadae akaanza kusalimia watu mmoja mmoja kwa majina, mtaa mzima, na akafika "na wengine wote wasalim" kanda ikaisha hapo, hata neno hakumaliza.

Sauti niliijua. Ni mume wa shangazi. Nilikuwa namuona kila asubuhi kwenye baiskeli yake ya Phoenix anakwenda bandarini, kengele anapiga hata njia ikiwa nyeupe. Alikwenda Muscat kutafuta maisha, na enzi hizo simu ya huko ni kwa wakubwa, barua inachukua muda na wengine kusoma ni mpaka uombe mtoto wa jirani nae ajue mambo yenu. Kwahiyo watu walikuwa wanaongea kwenye kanda, wanampa mtu anayerudi. Alileta hiyo moja. Hakurudi. Alifia huko na akazikwa huko huko, na nusu saa ile ndo sauti yake yote iliyokuwepo duniani, mimi nikaipandishia bendi.

Nilifikiria kudanganya, sitawaficha. Sisi watu wa kanda tulikuwa na uongo wetu mmoja unaotosha kila kitu, "deki imekula kanda." Ningetoa utepe nje nikaukunja kunja nikamuonesha, angeamini. Nilikwishautoa kama shubiri moja hivi. Nikaurudisha na Bic.

Baada ya tarawehe nikaenda kwake. Nikamkuta uani amekaa kwenye mbuzi... hapana, kwenye kibao, anakata visheti, sinia la unga mbele, taa ya chemli. Nikamwambia yote, wanja, pamba, mpaka nilivyomsema kanda yake chafu, nikamaliza. Kisu kikasimama. Akaniuliza kitu kimoja tu, "Imebaki kiasi gani?"

Nikamwambia kama dakika tano sita, za mwisho.

"Pale kwenye baiskeli?"

Nikasema ndio shangazi.

Akakaa kimya. Alafu akasema, "Yaani umefuta maneno matamu yote ukanibakishia baiskeli." Nikawa sina la kusema. Akasema tena, "Na wimbo gani huo uliomkanyaga?"

Jamani wallahi nilitaka ardhi inimeze. Nikamung'unya. Akarudia, wimbo gani? Nikasema, Sina Makosa.

Akanitazama. Alafu akacheka. Alicheka yule mama mpaka kisu kikadondoka, anacheka anajifuta na upindo wa kanga, anasema "Sina Makosa! Mtoto kanifutia mume kwa Sina Makosa!" na anacheka tena, na kuna mahali katikati ya kile kicheko mimi sikujua tena kama ni kicheko, na sikuuliza, nilitazama visheti. Mnaujua wimbo wa Shakila uliokuja kichwani mwangu. Nimeshautaja, siutaji tena.

Nikamwambia nitaufuta ule wimbo, nitarudisha hela. Akakataa, akasema ukigusa tena utakula na hicho kilichobaki. Akanipa kile kisu cha visheti nivunje vijino pale pale mbele ya macho yake. Nikavivunja vyote viwili, vikarukia kwenye sinia la unga na tukavitafuta na chemli, sisi wawili, kimya, mpaka tukavipata, maana wageni wasije wakavunja meno siku ya Idi.

Toka siku ile kila aliyeleta kanda nilimuuliza kabla sijaigusa, kuna sauti ya mtu humu? Mngeshangaa. Mtu ameshika kanda ya dansi anataka kuifuta, unamuuliza, anafikiri, anasema eh, mwishoni pale kuna mtoto anasoma Kurani, basi hapo mwishoni usifike. Mwengine bibi yake anakohoa tu na kuuliza hiki kitu kinafanya kazi? Barua za Mombasa, za Jeddah, za jeshini. Kuna mume na mke waliachana wakaja kwa zamu, kila mmoja kivyake, anataka kopi ya kanda ile ile ya arusi yao, na kila mmoja ananiapisha nisimwambie mwenzie. Niliwarekodia wote na hela nikachukua mara mbili, sina la kujitetea. Na kila kanda yenye mtu ndani nilivunja kijino kwa bisibisi nikakitia kwenye kopo la Blue Band. Nilipofunga kibanda 1999, CD zimeshatumaliza, kopo lilikuwa limejaa mpaka juu. Mke wangu alilitupa akidhani ni takataka za plastiki. Tusilizungumze hilo, yupo hapo.

Deki moja nilibaki nayo. Miaka miwili iliyopita akaja mjukuu wa yule shangazi na simu yake, anataka kanda ya bibi iingizwe kwenye simu kabla haijaoza. Nikaipangusa kwa pamba kavu, mikono inatetemeka kama mwanafunzi, ikapiga vizuri tu. Binti akaniambia babu mimi nataka hayo maneno ya mwisho tu, hizo nyimbo tutazikata, nyimbo zipo YouTube. Nikamwambia mpigie kwanza mwenyewe. Akampigia, akaweka spika. Bibi akafoka kule, "Msikate hata kidogo! Wimbo ukianza ndo napata muda wa kutafuta miwani nikakaa vizuri. Mkinimwagia mtu ghafla hivyo ntamsikilizaje?"

Na kumbe nyumba nzima imekulia humo. Miaka 30 na zaidi kanda ile inapigwa kila Idi, wimbo, kimya cha pumzi mbili, baiskeli. Watoto waliozaliwa humo wanajua Sina Makosa inaishia kwenye mafuta ya cherehani. Yule binti aliniambia mdogo wake alipigana shuleni kwa ajili hiyo, wenzake wanamwambia wimbo hauna baiskeli, yeye anasema nyie hamjafika mwisho.

Mwaka jana nilialikwa arusi Makorora. DJ kijana mdogo tu, akaweka Sina Makosa, wazee wote tukainuka, viuno vibovu hivi hivi. Wimbo ukaisha, yule kijana akaingiza singeli, watu wakaanza kurudi kwenye viti. Kule kona kulikuwa na meza moja haijakaa. Kama watu kumi na mbili, kuna mwenye mvi kuna mtoto wa kubebwa, wamesimama, na wakasema wote kwa pamoja, juu ya ile singeli, "Na ile baiskeli usimpe mtu!" Ukumbi ukageuka. Hawakujali, wakaendelea, kaka yako akija, mnyororo, ya nazi yanashika vumbi, na kuna katoto kamoja ka kike ka kama miaka mitano kamepanda juu ya kiti, sauti yake imewapita wote, kakawasalimia mtaa mzima kwa majina, watu wengi wao wameshakufa, na kalipofika "na wengine wote wasalim" kakafunga mdomo hapo hapo, kakashuka kwenye kiti kakaendelea kunywa soda.